Kiyoyozi Kisichopoza Mashua: Dalili, Visababishi na Uchaguzi kwa Vyombo vya Tanga Mombasa

Malalamiko mengi juu ya kiyoyozi cha mashua ya tanga hapa Mombasa huishia dukani, mwenye chombo akinunua mashine kubwa kuliko ile ya kwanza, ilhali kilichokuwa kikimsumbua hakikuwa udogo wa mashine. Mara nyingi maji ya bahari hayapiti ipasavyo, au jua limeachwa liipige sitaha kutwa, au umeme unaoifikia kompresa, yaani pampu ya kusukuma gesi ndani ya kiyoyozi, ni dhaifu. Mashine mpya hurithi kasoro ileile na kuizidisha, kwa kuwa inataka maji mengi zaidi na umeme mwingi zaidi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na dalili, na suala la kuchagua mtambo linajitokeza pale ambapo dalili yenyewe inalidai.

Jambo la kuamua kabla ya yote ni mahali chombo kinapolala. Mashua iliyofungwa gatini, yenye waya wa umeme kutoka nchi kavu, ina mahitaji tofauti kabisa na ile inayolala kwa nanga au kwenye boya katika hori la Tudor au la Mtwapa. Ya kwanza ina umeme lakini haigeuki kuufuata upepo; ya pili hupata hewa zaidi, ila kila wati inayotumiwa usiku hutoka kwenye betri. Mwenye kuchagua kiyoyozi bila kujibu swali hilo anachagua gizani.

Pima kabla ya kufungua chochote

Kipimajoto cha bei nafuu kinatosha. Acha kiyoyozi kifanye kazi kwa dakika 20 hivi, kisha pima joto la hewa inayoingia kwenye mashine na lile la hewa inayotoka kwenye tundu la karibu zaidi. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 11 za Selsiasi inaonyesha kwamba mashine inatimiza wajibu wake na kwamba tatizo liko nje yake: jua, mianya ya hewa, au ukubwa wa kebini. Tofauti ikiwa ndogo zaidi, chunguza mashine, maji na umeme. Katika fukuto la Machi tofauti hiyo huweza kupungua kidogo hata mashine ikiwa nzima, kwa sababu sehemu ya nguvu yake inatumika kugeuza mvuke kuwa maji. Nyuzi 7 si sababu ya kumwita fundi wa gesi.

Nasisitiza kipimo hiki kwa sababu wapo mafundi ambao dawa yao ya kwanza kwa kila ugonjwa ni kuongeza gesi. Viyoyozi vya mashua vya kipande kimoja hujazwa gesi kiwandani kwa kipimo cha gramu, na mfumo usiovuja hauhitaji kuongezwa. Ukiongezwa bila sababu, shinikizo hupanda, mashine huanza kujizima, na tatizo lililokuwa la chujio linageuka kuwa la kompresa.

Mashine inajizima yenyewe, hasa mchana au maji yakipwa

Kiyoyozi kinachopozwa kwa maji ya bahari kina swichi inayokizima pale shinikizo la gesi linapopanda kupita kiasi, na shinikizo hupanda kwa sababu joto lililotolewa kebini halipati maji ya kuliondoa. Maji ya bahari ya Mombasa hukaribia nyuzi 29 mwishoni mwa msimu wa kaskazi, kwa hiyo mtambo uliotengenezwa kwa bahari za baridi unakuwa tayari ukingoni mwa uwezo wake, na upungufu mdogo wa maji, ambao kwingine usingeonekana, hapa hutosha kuuzima.

Anza kwa kutazama maji yanayotoka ubavuni. Ingia katika kidau, kinga ndoo ya lita 10 chini ya tundu la kutolea maji, uhesabu sekunde. Mtambo wa BTU 12,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza) unahitaji takriban lita 11 kwa dakika, hivyo ndoo inapaswa kujaa kabla ya dakika moja kuisha. Ikichukua dakika mbili, umeshampata mkosaji bila kugusa bisibisi. Ni kwa ajili ya kipimo hiki tundu la kutolea maji liwekwe juu kidogo ya mstari wa maji, pahali linapoonekana.

Maji yakiwa machache, funga vali ya chini ya chombo na ufungue chujio. Horini huwa kuna vipande vya mifuko ya plastiki, nyasi za bahari na majani ya mikoko, na kipande cha plastiki chenye ukubwa wa kiganja kinaweza kulala bapa juu ya wavu wa chujio kiasi kwamba unaona maji yamejaa ndani ya kioo chake, ukadhani yanapita. Chujio likiwa safi, kosa liko kabla yake au baada yake. Kabla yake ni tundu lenyewe: mashua inayokaa bila kusogea katika maji haya ya uvuguvugu huota mwani na viumbe vya magamba upesi, na ndani ya tundu, ambako aghalabu rangi ya kuvizuia haikufika, ndiko vinakoshamiri. Wenye majahazi walipaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, chini ya vyombo vyao kupambana na maadui wa aina hii. Mwenye kiyoyozi ana kazi ya ziada ya kusafisha mahali asipopaona. Mpiga mbizi mwenye bisibisi ndefu humaliza shughuli hiyo kwa muda mfupi, ilimradi pampu imezimwa. Baada ya chujio, mashaka yaelekee kwenye mirija ya ndani ya mashine, ambayo hujenga gamba la chumvi na chokaa. Hilo huondolewa kwa kuzungusha asidi nyepesi inayofaa aloi ya shaba na nikeli, kisha kusuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Ipo dalili moja inayozihusu mashua za tanga pekee. Chombo kimetoka Kilifi kikiwa kimelalia ubavu mmoja kwa saa kadhaa, kinafika salama, kiyoyozi kinawashwa, pampu inasikika ikizunguka, lakini tone halitoki. Tundu la kuvutia maji lilikuwa upande ulioinuka, likavuta hewa, na hewa hiyo imekwama juu ya pampu. Pampu nyingi za viyoyozi haziwezi kujivutia maji zenyewe; ni lazima ziwe chini ya mstari wa maji, na mpira unaotoka kwenye tundu uinuke moja kwa moja hadi kwenye chujio, pampu na mashine bila kushuka tena njiani. Ulegeze mpira kwenye sehemu ya juu kabisa, uiache hewa itoke, ukaze. Ikiwa jambo hili linajirudia kila safari, usinunue pampu nyingine. Hamisha tundu karibu na mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, mahali ambapo chombo kikilala upande wowote litabaki majini, na ulivike kifuniko chenye mdomo unaoelekea omo, yaani mbele ya chombo.

Suala la maji kupwa lina uzito wake hapa kwetu. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo maji hujaa na kupwa zaidi, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa Mombasa hupita mita 3, na upeo wa kupwa huangukia saa nne au saa tano, asubuhi na usiku vilevile. Kiyoyozi kinachozimika saa nne ya usiku siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kisha kikafanya kazi vizuri siku za maji mafu, hakina ugonjwa wowote, kinavuta tope. Ikiwa chombo chako hukalia matope kila bamvua, basi mtambo wa kupozwa kwa maji ya bahari haukufai mahali hapo, hata uwe mzuri namna gani, na pesa zielekezwe kwenye mtambo wa kupozwa kwa hewa au kwenye sehemu nyingine ya kufunga chombo.

Hewa inatoka baridi, lakini kebini haipoi

Hapa kipimajoto kimeshaisafisha mashine na tuhuma. Mtuhumiwa wa kwanza ni sitaha. Faiba nyembamba iliyopigwa na jua la Februari huwa ya moto kiasi cha kutokanyagika kwa miguu mitupu, na joto hilo lote hushuka ndani kupitia dari. Weka kiganja darini saa tisa alasiri: ikiwa dari ni ya moto zaidi ya ukuta, turubai juu ya sitaha litakupa nafuu kubwa kuliko BTU zozote utakazonunua. Turubai lifungwe kwa urefu wa angalau shubiri mbili juu ya sitaha ili hewa ipite katikati, liwe la rangi isiyokoza, na lishuke ubavuni upande wa magharibi, kwa kuwa jua la jioni huingia kupitia madirisha ya pembeni. Madirisha ya sitaha yafunikwe kwa nje. Pazia la ndani huzuia mwanga lakini joto limeshaingia.

Mtuhumiwa wa pili ni mianya. Mashua ina matundu mengi kuliko nyumba: penye mlingoti, kwenye sanduku la mnyororo wa nanga, kwenye vipumulio, kwenye milango ya vyumba vya injini. Washa kijiti cha udi, zima feni, ukipitishe taratibu pembezoni mwa kila mlango na dirisha. Moshi utaonyesha penye mwanya kwa kuyumba au kuvutwa. Kiyoyozi cha kuhamishika chenye mpira mmoja wa kutolea joto kinastahili kutajwa hapa, maana kinanunuliwa sana kwa wepesi wake na kulaumiwa sana baadaye. Hicho hutumia hewa ya kebini kupozea koili zake za moto na kuitupa nje, na hewa iliyotupwa lazima ijazwe na nyingine, ambayo ni ile ya fukuto la nje inayopenya katika kila mwanya. Ndiyo sababu mtu aliyeketi mbele yake huona raha na aliyelala omoni anatoka jasho. Kama ni lazima utumie cha kuhamishika, tafuta chenye mipira miwili, mmoja wa kuvuta hewa ya nje na mwingine wa kuirudisha nje.

Baada ya jua na mianya ndipo ukubwa uhesabiwe. Kanuni ya mafundi wa vyombo ni takriban BTU 650 kwa saa kwa kila mita mraba ya kebini iliyo chini ya sitaha, na karibu maradufu kwa chumba kilichoinuliwa chenye madirisha makubwa. Mashua ya futi 36 yenye mita mraba 15 za kukaliwa hupata kama BTU 9,750, na kwa hali ya Mombasa ni busara kupanda hadi 12,000. Kupanda hadi 16,000 au zaidi ni kujitafutia tatizo litakaloelezwa hivi punde.

Kagua pia njia za hewa. Tundu la kurudishia hewa kwenye mashine, ambalo kwa kawaida liko chini ya kitanda, mara nyingi huwa limezibwa na jaketi okozi au magunia ya tanga. Hewa baridi huzama, kwa hiyo itolewe juu na kurudishwa chini. Ikitoka mkabala na tundu la kurudishia, mashine inajipulizia yenyewe, inadhani kebini imepoa, na inapumzika huku watu wakichemka.

Kuna baridi, lakini shuka ni mbichi

Kebini ina nyuzi 23, na bado mito ina unyevu, kuvu inaota nyuma ya makabati, na usingizi hauji vizuri. Hii ndiyo dalili ya mashine iliyozidi ukubwa. Inapoza hewa kwa dakika chache, inajizima kabla ya kutoa maji ya kutosha hewani, na feni inayoendelea kuzunguka inairudisha kebini mvuke uliokuwa umegeuka maji kwenye koili. Dawa ya haraka ni kuiweka feni isimame pamoja na kompresa na kupunguza kasi yake. Dawa ya kudumu ni kompresa ya inveta, ambayo hupunguza mwendo badala ya kuzima, au mitambo miwili midogo badala ya mmoja mkubwa. Binafsi naipendelea miwili: mmoja wa ukumbi, mwingine wa BTU 5,000 au 6,000 wa chumba cha kulala, kwa sababu usiku unapoza chumba kimoja tu, na mmoja ukiharibika hukosi vyote.

Ikiwa koili inaganda barafu, sababu ya kawaida ni uchache wa hewa: kichujio kichafu, feni iliyo kwenye kasi ya chini mno, au kipimo kilichowekwa nyuzi 16 kwa matumaini kwamba kebini itapoa haraka. Haitapoa haraka. Yeyusha barafu kwa kuwasha feni pekee, safisha kichujio, weka nyuzi 24. Barafu ikirudi baada ya hayo, hapo ndipo gesi inashukiwa kuvuja.

Breka inakata, au jenereta inazimika kompresa ikiwaka

Kompresa ya kawaida inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapoendelea, ijapokuwa kwa muda mfupi mno. Jenereta inayoweza kuendesha mtambo wa BTU 12,000, ambao hutumia wati 1,000 hadi 1,400, inaweza kushindwa kuuamsha. Kifaa cha kulainisha mwanzo wa kompresa hugharimu kidogo kuliko jenereta kubwa zaidi, na mitambo ya inveta haina shida hiyo kwa sababu huanza polepole.

Gatini, pima volti kwenye mashine yenyewe wakati kompresa inafanya kazi, si kwenye soketi wakati kila kitu kimezimwa. Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na Hz 50. Ukikuta 240 gatini na 205 kwenye mashine, waya ni mwembamba au mrefu mno, au kuna kiungo kibovu. Chomoa plagi uitazame: pini iliyobadilika rangi kuwa kahawia, na plastiki iliyolainika pembeni mwake, inaeleza kila kitu, na ni hatari ya moto inayopaswa kushughulikiwa siku hiyohiyo. Chumvi huanza kula shaba ya plagi, shaba iliyoliwa hupinga umeme, na upinzani huzalisha joto.

Vyombo vilivyonunuliwa kutoka Marekani vina mtego wa peke yake. Mitambo yake ni ya volti 120 na Hz 60. Transfoma itashusha volti, lakini haibadilishi mzunguko wa umeme, yaani hizo Hz. Kwenye Hz 50 mota huzunguka polepole kwa kiasi cha moja ya sita, huvuta maji machache zaidi na kupata joto zaidi. Soma kibao cha mashine: ikiwa hakikuandikwa 50/60, usiiunganishe kwa transfoma pekee. Ama iendeshe kwa inveta ya chombo, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri, inayotoa Hz 60, ama ununue mashine ya volti 240 na Hz 50.

Vipande vya zinki vinavyolinda vyuma vya chombo vikianza kuisha upesi tangu mashua iunganishwe na umeme wa gati, chanzo ni waya wa ardhi unaoiunganisha na vyombo jirani, ukazifanya chuma za vyombo vyote ziwe betri moja majini. Tiba ni kifaa cha kuzuia mkondo huo mdogo kilichofungwa kwenye waya wa ardhi. Waya huo wenyewe usikatwe kamwe. Wapo watu wanaoukata, nao wanaweka rehani maisha ya kila anayeogelea kando ya chombo.

Kwa nanga: betri zimekwisha kabla ya alfajiri

Hesabu ifanywe kabla ya lawama. Mtambo mdogo unaovuta wastani wa wati 400 kwa saa 8 za usiku unatumia kWh 3.2. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina kWh 1.2, na nusu tu ndiyo ya kutumiwa bila kuiharibu, kwa hiyo zinahitajika sita. Za lithiamu zinatosha nne. Paneli za wati 400, kwa saa 5 za jua kamili na baada ya kuondoa upotevu, huleta karibu kWh 1.6, yaani nusu ya usiku, na hapo jokofu na taa hazijahesabiwa. Jenereta ya petroli juu ya sitaha huonekana kuwa jibu, lakini moshi wake una monoksidi ya kaboni isiyo na harufu, nao huingia kebini kwa urahisi usiku usio na upepo. Isiendeshwe watu wakiwa wamelala.

Kwa sababu hiyo chombo kinacholala kwa nanga kichunguzwe kwanza kama kinapata upepo kinaostahili. Watu huamini kwamba mashua iliyo kwenye nanga huelekeza omo kwenye upepo daima. Horini sivyo: mkondo wa maji kupwa na kujaa huwa na nguvu kuliko upepo, na chombo hugeukia mkondo, hivyo dirisha la omoni linaloelekea mbele hukaa kinyume na kaskazi kwa saa nyingi. Mfuko wa kitambaa wa kunasia upepo ulio wazi pande zote, badala ya ule wenye mdomo mmoja, pamoja na feni ndogo za betri juu ya kila kitanda, hufanya kazi kwa wati chache mno. Wakati wa kusi hiyo hutosha kwa wengi. Kipindi kinachobaki kigumu ni maleleji ya Machi na Aprili, upepo unapokatika kabla ya mvua, na hapo mtambo mdogo wa inveta wa chumba cha kulala pekee, si wa chombo kizima, ndio unaoingia akilini.

Maji ngamani na harufu

Kiyoyozi kinachofanya kazi vizuri katika unyevu wa pwani hutoa lita nyingi za maji kwa siku. Yakionekana sakafuni, mpira wa kuyatolea umeziba kwa utelezi au umepinda. Uteremke bila kupanda, uishie kwenye kisanduku chenye pampu yake. Usiishie katika chumba cha injini wala karibu na bomba la moshi, kwa kuwa mashine inayovuta hewa huweza kuufuata mpira huo na kuleta moshi kebini.

Chombo kikipandishwa nchi kavu

Mtambo wa maji ya bahari haufanyi kazi chombo kikiwa juu ya magogo, na huo ndio wakati mafundi wanapopaka rangi na kusaga faiba ndani ya kebini iliyo moto kama tanuri. Kiyoyozi cha dirisha cha volti 240 kilichowekwa juu ya dirisha la sitaha, kikiwa kimezungushiwa ubao na sponji na kuinamishwa kidogo nyuma ili maji yamwagikie nje, ni jibu la bei nafuu. Kinafaa pia gatini kwa mwenye bajeti ndogo, mradi akubali kukiondoa kila anapotweka tanga, na kwamba chumvi itayala mapezi yake ya alumini yasipooshwa kwa maji baridi mara kwa mara. Kabla ya kupandisha chombo, sukuma maji yasiyo na chumvi katika mfumo wa bahari, kisha uyamwage na ufunge vali. Maji ya bahari yaliyoachwa humo huoza, na harufu yake hutoka pamoja na kila kilichokufa ndani siku pampu itakapowashwa tena.